Chuma: Kutoka Tumboni mwa Nyota Hadi Jembe la Mkulima

Shuleni mwanafunzi hufundishwa fizikia asubuhi, biolojia kabla ya mapumziko na historia mchana, kila somo na daftari lake. Ratiba hiyo inafaa, lakini inaficha jambo kubwa: ulimwengu, dunia, uhai na binadamu vina historia moja, na kila zama hurithi kazi ya zama zilizotangulia. Mwaka 1989 mwanahistoria David Christian alianza kuifundisha historia hiyo yote kwa pamoja katika Chuo Kikuu cha Macquarie, Sydney. Makala haya yanaifuata kupitia kitu ambacho kila mkulima wa Afrika Mashariki anakijua: chuma.

Zama za kwanza hazikuwa na chuma. Ulimwengu ulipoanza, takribani miaka bilioni 13.8 iliyopita, dakika chache za mwanzo ziliacha haidrojeni na heli, na lithi kidogo mno. Ilipita miaka mingi, pengine milioni 100 au 200, kabla nguvu ya mvutano haijakusanya mawingu ya gesi yakawa nyota. Ndani ya nyota, joto kali liliunganisha viini vyepesi vya atomi vikazaa vizito: heli, kaboni, oksijeni, silikoni. Nyota kubwa ikifika kwenye chuma hukwama, kwa kuwa kuunganisha viini vya chuma hula nishati badala ya kuitoa. Kitovu chake huporomoka kwa muda usiotimia sekunde moja, na nyota hulipuka. Milipuko hiyo, pamoja na ile ya nyota ndogo zilizokwisha kuzeeka, ndiyo iliyotapanya chuma angani. Mwaka 1957 Margaret na Geoffrey Burbidge, William Fowler na Fred Hoyle walieleza kwa kina jinsi nyota zinavyozaa elementi hizo.

Miaka bilioni 4.6 hivi iliyopita, gesi na vumbi la nyota zilizokufa vilijikusanya kulizunguka jua changa, na humo dunia ikaumbika. Takribani theluthi moja ya uzito wake ni chuma. Dunia ilipokuwa ingali moto, sehemu kubwa ya chuma hicho ilizama hadi katikati, kwenye kiini kinachoanzia kina cha kilomita 2,900. Tabaka la nje la kiini hicho ni chuma kilichoyeyuka, na mwendo wake huzalisha nguvu ya sumaku inayoikinga dunia dhidi ya chembe kali zitokazo juani. Nguvu hiyohiyo ndiyo iliyokuja kuelekeza dira za mabaharia.

Chuma kilichobaki juu kilikutana na uhai, ambao una umri usiopungua miaka bilioni 3.5. Bahari za kale hazikuwa na oksijeni, hivyo chuma kilielea humo kikiwa kimeyeyuka. Kisha walitokea bakteria waliojifunza kutumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula, wakatoa oksijeni kama taka. Oksijeni ilikishika chuma kikawa kutu, na kutu ikatuama chini ya bahari tabaka juu ya tabaka. Miamba hiyo yenye mistari myekundu ingali ikichimbwa Australia na Afrika Kusini. Takribani miaka bilioni 2.4 iliyopita oksijeni ilianza kudumu hewani, na baada ya muda mrefu sana wakatokea wanyama waishio kwa kuivuta. Wengi wao, nasi tukiwamo, huisafirisha kwa chuma: kila molekuli ya himoglobini katika damu yetu ina atomi nne za chuma, na mwili wa mtu mzima una gramu 3 hadi 4 hivi.

Binadamu alikijua chuma kwanza kwa rangi yake. Huko Ngwenya, Eswatini, watu walichimba ngeu, udongo mwekundu wenye kutu ya chuma, zaidi ya miaka 40,000 iliyopita. Baadaye alikipata kutoka angani: jambia alilozikwa nalo Tutankhamun, mfalme wa Misri aliyefariki karne ya 14 K.K., lilifuliwa kwa chuma cha kimondo. Kukitoa chuma ndani ya mawe ilikuwa kazi ngumu zaidi, na ilienea katika Mashariki ya Kati baada ya mwaka 1200 K.K.

Katika eneo la Maziwa Makuu, wahunzi wa Buhaya walikuwa wakiyeyusha chuma zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Katika miaka ya 1970 mtafiti Peter Schmidt aliwaomba wazee wa Kihaya waliokumbuka kazi hiyo walijenge upya tanuri. Walichimba shimo, wakalipaka udongo wa kichuguu unaostahimili moto, wakalijaza matete yaliyoungua, kisha wakaipanga mirija ya udongo ikaingia hadi ndani ya tanuri. Kwa maelezo ya Schmidt, upepo wa mivukuto ulipata joto ukiwa bado ndani ya mirija, kabla ya kuyafikia makaa. Mle tanurini kaboni ya makaa iliinyang'anya kutu oksijeni yake, na chuma kikaachana na mavi yake. Hapa historia za ulimwengu, dunia, uhai na binadamu zinakutana. Oksijeni ile ni zao la nuru ya jua iliyotumiwa na uhai, na makaa ni mti uliokua kwa nuru hiyohiyo. Mhunzi alikuwa akitumia kazi moja ya uhai kutengua nyingine.

Ujuzi wa kuyeyusha chuma ulifika pwani pia. Mwaka 1154 mwanajiografia al-Idrisi aliandika kuwa Malindi, Mombasa na Sofala zilipata mali kwa chuma, na wafanyabiashara walikipeleka India. Bara kwenyewe, jembe lilikuwa bidhaa ya biashara, na kwa jamii nyingi lilikuwa mahari pia.

Makaa ya miti yana kikomo, kwani msitu hukua polepole. Mwaka 1709 Abraham Darby wa Coalbrookdale, Uingereza, aliyeyusha chuma kwa makaa ya mawe yaliyookwa, mabaki ya misitu iliyozikwa mamilioni ya miaka. Kizuizi cha msitu kikaondoka, na chuma kikawa rahisi. Kati ya 1896 na 1901 reli ilitandazwa kutoka Mombasa hadi Kisumu, ikaingiza bidhaa za viwanda vya Ulaya. Jembe la kigeni liliuzwa kwa bei ambayo mhunzi wa kijijini hakuiweza, na matanuri yakazimika moja baada ya jingine.

Leo dunia huzalisha zaidi ya tani bilioni 1.8 za chuma cha pua kwa mwaka. Kaboni ingali ikiinyang'anya kutu oksijeni kama tanurini Buhaya, na gesi inayotoka huchangia takribani asilimia 7 ya hewa ya ukaa itokanayo na shughuli za binadamu. Mwaka 2021, huko Luleå, Sweden, wahandisi walipata chuma kwa kutumia haidrojeni badala ya kaboni, na kilichotoka tanurini kilikuwa mvuke wa maji. Tanzania nayo ina akiba ya chuma Liganga, wilayani Ludewa, na makaa ya mawe Mchuchuma, jirani yake. Namna ya kuitumia akiba hiyo itaamuliwa na kizazi kilicho madarasani sasa. Kitaamua vyema kikifundishwa kwamba mhandisi, daktari, mkulima na mwanahistoria wanasoma sura za kitabu kimoja.