Walimu Wetu: Kutoka Katekista wa Kwanza hadi Shule ya Walimu

Katika furaha ya Yubile hii tunawashukuru mapadri na masista waliotutangulia. Haifai tuwasahau walimu. Bila wao, mtoto wa kijiji angejuaje kusoma Maandiko Matakatifu?

Kazi ilianza kando ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1885 Mapadri Weupe walipokea kituo cha Mpala, na mwaka 1893 wakaanzisha misioni ya Baudouinville, leo Kirungu. Mwalimu wa siku zile alikuwa katekista. Yeye alitamka, watoto wakarudilia kwa sauti moja. Maneno mengi yaliingia kichwani, lakini mwalimu hakujua kila mmoja ameelewa nini.

Hata hivyo, misioni ile ilimlea Stefano Kaoze. Mwaka 1910 yalianza kutolewa maandiko yake ya Kifaransa juu ya akili na desturi za watu wake. Tarehe 21 Julai 1917 akapewa upadri, Mkongo wa kwanza wa nyakati zetu. Mwanafunzi huyu hakurudilia tu. Alikuwa na neno lake la kusema.

Kwa mapatano ya mwaka 1906 kati ya Roma na Dola Huru ya Kongo, misioni zilipewa mashamba, nazo zikaahidi kufungua shule. Mpango wa serikali wa mwaka 1929 uliweka pia shule za kutayarisha walimu.

Katika shule hizo kijana hujifunza kwa somo la jaribio. Anafundisha watoto, wenzake wameketi nyuma wakiandika. Kisha wote wanalichambua somo pamoja na mwalimu wao. Tuseme mtoto amejibu kwamba saba na nane ni kumi na sita. Kijana akimwita mwingine upesi, amepoteza nafasi. Akimwuliza amefikaje hapo, huenda akagundua kwamba mtoto anajua nane na nane. Imebaki kupunguza moja. Jioni kijana anajiuliza: Nilisikia nini? Kesho nitabadili nini?

Mwisho wa mwaka 1974 Serikali ya Zaire ilitwaa shule zetu. Mapatano ya tarehe 26 Februari 1977 yakarudisha uongozi wake kwa Makanisa. Lakini mapatano hayawezi kumfanya mwalimu asikilize. Hilo hufundishwa na mwalimu mzee kwa mwalimu kijana, ndani ya darasa, siku kwa siku.

Kwa hiyo tunawaomba wazee wetu waliostaafu: ketini tena nyuma ya darasa, karibu na vijana wanaojifunza kazi hii. Tukiacha urithi huu upotee, watoto wetu watarudi kurudilia tu.

Bwana wetu Yezu Kristu, aliyewauliza mitume wake na kungoja jibu lao, awabariki walimu wetu wote, wazima na marehemu. Amina.