Daktari Aliyeianzisha Kigali

Anayetajwa kuwa mwanzilishi wa Kigali alikuwa daktari wa wagonjwa wa akili. Richard Kandt alizaliwa mwaka 1867 huko Posen, mji ulio Poland hivi leo, katika familia ya Kiyahudi ya Kantorowicz. Alisomea udaktari Ujerumani, akafanya kazi kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Bayreuth, kisha akaiacha ili kuutafuta mwanzo wa Mto Nile.

Msafiri Speke alikwisha kutangaza kwamba Nile inatoka Ziwa Viktoria. Kandt hakuridhika, kwani ziwa nalo hulishwa na mito, na mkubwa kuliko yote ni Akagera. Mwaka 1897 msafara wake ukaanzia Bagamoyo, mizigo ikiwa vichwani mwa wapagazi. Kazi yenyewe ilidai subira ya tabibu: kila mito miwili inapokutana, ujue upi una maji mengi, kisha uufuate huo. Akagera ikampeleka Nyabarongo, Nyabarongo ikampeleka Mwogo, na Mwogo ukamfikisha Rukarara. Mwaka 1898, ndani ya msitu wa Nyungwe, akapata mahali ambapo maji hayabubujiki bali hudondoka tone kwa tone.

Kusema "aligundua" si haki. Wenyeji waliyanywa maji ya Rukarara na kuuita mto huo kwa jina lake kabla Kandt hajazaliwa. Alichofanya yeye ni kuonyesha, hatua kwa hatua, kwamba matone yale yanaishia Bahari ya Mediterania. Ni kazi kubwa, haihitaji kutiwa chumvi.

Akajenga makao Shangi, kando ya Ziwa Kivu, akakusanya mimea na wanyama. Kima wa dhahabu wa milima ya Virunga hadi leo ana jina lake katika sayansi, Cercopithecus kandti. Kitabu chake cha safari, Caput Nili, kilitoka mwaka 1904.

Mwaka 1907 Wajerumani walimfanya mwakilishi wao mkuu nchini Rwanda. Ikulu ya mfalme, Mwami Yuhi Musinga, ilikuwa Nyanza, lakini Kandt alichagua kuweka makao yake Nyarugenge, katikati ya nchi, palipoanzia Kigali. Wajerumani walikuwa wachache mno, hivyo walitawala kupitia mwami. Hata hivyo, tusimpambe: alitumikia ukoloni, na mwaka 1912 utawala huohuo uliuzima kwa bunduki uasi ulioongozwa na Ndungutse kaskazini.

Mwaka 1913 alikwenda likizo Ujerumani, na Vita vya Kwanza vya Dunia vikamzuia kurudi. Akiwa vitani alivuta gesi ya sumu, akafariki Nuremberg mwaka 1918, akiwa na umri wa miaka 50. Nyumba inayobeba jina lake Nyarugenge sasa ni makumbusho.

Wabelgiji walioshika nchi baadaye waliipendelea Astrida, Huye ya leo, na Kigali ikabaki mji mdogo. Uhuru ulipopatikana mwaka 1962, ilipobidi kuchagua mji mkuu, Kigali ndiyo iliyochukuliwa, kwa kuwa iko katikati ya nchi.