Onyesho la Mwisho Liwe Mazoezi: Hoja Kuhusu Kufunga Tamthilia ya Muziki Juba

Wafadhili wanaogharimia sanaa za maonyesho Juba wana utaratibu wao wa kufunga mradi, na yeyote aliyewahi kualikwa anaujua. Bango hutundikwa nyuma ya jukwaa likiwa na nembo za wote waliochangia. Mgeni rasmi huchelewa. Waigizaji hucheza kipande kifupi, si mchezo mzima, kwa kuwa ratiba imebana. Vyeti hugawiwa, picha ya pamoja hupigwa, soda huisha kabla ya hotuba. Wiki inayofuata mpiga ngoma anatafuta kibarua na mwigizaji mkuu ameshavuka mpaka wa Nimule kwenda Uganda. Ripoti itaandikwa kwamba mradi umefungwa kwa mafanikio. Kilichofungwa ni hesabu za fedha. Nyimbo, miondoko na maarifa ya kuvishikanisha havikukabidhiwa kwa yeyote.

Nadai hapa kwamba tamthilia ya muziki iliyodumu, ikifika siku yake ya mwisho, ichezwe kama mazoezi ya wazi. Mwongozaji akae mbele, asimamishe wimbo pale sauti ya pili inapopotea, kisha aurudishe. Mwigizaji mkongwe aanze nafasi yake, halafu ampishe kijana aimalize, hata kama kijana huyo atakosea mbele za watu. Anayetaka kujua kwa nini mdundo hubadilika kabla ya kilio cha mama aulize, na ajibiwe na mpigaji mwenyewe. Pendekezo hili halilengi kupunguza gharama, ingawa sitasikitika likizipunguza.

Mfano unaonipinga una nguvu, na heri niutaje mapema. The Phantom of the Opera ilifunguliwa Broadway, New York, Januari 1988, ikafungwa tarehe 16 Aprili 2023 baada ya maonyesho 13,981. Tangazo la kufunga lilitolewa Septemba 2022 na tarehe iliyotajwa ilikuwa ya Februari. Tiketi zikagombaniwa, tarehe ikasogezwa hadi Aprili. Usiku wenyewe, watu waliohusika na mchezo miaka ya nyuma walipanda jukwaani kuungana na waliokuwa wakiucheza, na Andrew Lloyd Webber akalitoa onyesho hilo kwa kumbukumbu ya mwanawe Nicholas, aliyefariki wiki chache kabla. Sina la kubeza hapo. Mzazi aliyefiwa ana haki ya kulia popote. Lakini tuyatazame masharti yaliyouwezesha usiku ule: mmiliki anayejulikana kisheria, jengo lisilohama, miezi ya kujiandaa, na hakika kwamba mchezo wenyewe haufi, kwa kuwa London ulikuwa ukiendelea. Kilichoagwa ni mkataba wa ukumbi. The Fantasticks ilifungwa New York Januari 2002 baada ya miaka zaidi ya 41, ikafunguliwa tena katika jiji lile lile mwaka 2006. Kuagana kwa namna hii ni anasa ya watu wenye hakika ya kuonana tena, na kuichukua kama kipimo cha kufunga vizuri ni kupima Juba kwa futi ya wengine.

Kwamba onyesho halikomi pazia linapofungwa, wanazuoni walishakubaliana tangu Richard Schechner alipoorodhesha, mwaka 1985, hatua saba za onyesho ambazo mbili za mwisho huja baada ya onyesho lenyewe. Sitarudia hayo. Ugomvi wangu ni na Peggy Phelan. Katika Unmarked (1993) alishikilia kwamba onyesho huishi katika wakati uliopo tu, na kwamba kutoweka ndiko kunakolifanya liwe onyesho. Likirekodiwa limekuwa kitu kingine. Hoja hii imerudiwa hadi imechakaa, na bado inafundishwa kana kwamba ni sheria ya maumbile. Ni hoja ya kupendeza katika jiji ambalo kumbi, magazeti na maktaba zake zitakuwapo kesho asubuhi. Juba, ambako nyaraka za taifa zilikaa kwa miaka ndani ya hema, kutoweka hakuhitaji mtetezi. Diana Taylor, katika kitabu chake cha 2003, yuko karibu nami zaidi: anatenganisha hazina ya nyaraka na hazina ya mwili, yaani nyimbo, ishara na ngoma zinazorithishwa kwa kutendwa. Tofauti yetu ni ndogo ila haiepukiki. Hazina ya mwili hairithishwi yenyewe ati kwa sababu watu wapo. Kuna mtu lazima akae chini na mwenzake, arudie mstari mmoja mara ishirini, na mtu huyo awe bado yuko mjini.

Ushahidi wangu mkuu hautoki Juba. Unatoka Kamĩrĩĩthũ, Limuru, na natumai wasomaji walioichoka habari hiyo watanivumilia, maana inasomwa daima kama kisa cha udhibiti wa serikali na mara chache kama kisa cha namna mchezo unavyoisha. Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ ilifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977 katika ukumbi usio na paa ambao wanakijiji waliujenga kwa mikono yao. Tarehe 16 Novemba kibali kiliondolewa. Hapakuwa na usiku wa kuaga. Waliocheza onyesho la mwisho walilicheza wakidhani ni la kawaida, wakiwa na mawazo ya lijalo. Mwisho wa mwaka Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa, akawekwa kizuizini bila kushtakiwa hadi Desemba 1978.

Kwa kipimo cha Broadway, huo ni mchezo uliokosa mwisho. Kwa kipimo changu ulikuwa umeshafungwa vizuri kabla haujafunguliwa. Katika Decolonising the Mind (1986) Ngũgĩ anaeleza jinsi mazoezi yalivyofanyika hadharani, wakulima na wafanyakazi wa viwanda wakisimama pembeni, wakisahihisha lugha ya wazee katika mchezo, wakieleza wimbo fulani huimbwaje hasa, na jinsi baadhi ya watazamaji walivyofikia kuyajua kwa moyo maneno ya wahusika. Yeye anayasoma hayo kama kuondoa fumbo katika kazi ya sanaa. Mimi nayasoma kama bima. Polisi wanaweza kukifunga kiwanja. Hawawezi kumfanya bibi aliyesahihisha wimbo asiujue tena.

Kisa cha pili cha mahali pale kina uzito mkubwa zaidi, na ndicho kilichonisukuma kwenye dai langu. Maitũ Njugĩra ilikuwa tamthilia ya muziki hasa: hadithi ya Kenya ya miaka ya 1930, enzi ya kipande na kazi za shuruti, iliyobebwa na nyimbo za jamii mbalimbali za nchi. Ilipangwa kufunguliwa katika Ukumbi wa Taifa wa Kenya, Nairobi, Februari 1982. Kibali hakikuja, na waigizaji walipofika wakakuta milango imefungwa. Wakahamia Chuo Kikuu cha Nairobi na kuendelea na walichokiita mazoezi. Maelfu ya watu walikuja kuyatazama, wengine kwa mabasi na matatu kutoka vijijini, hadi nako milango ikafungwa. Tarehe 12 Machi polisi walipelekwa Kamĩrĩĩthũ, wakaubomoa ukumbi wa kijiji.

Basi tamthilia hii haikuwahi kuwa na onyesho la kwanza. Ilikuwa na mazoezi tu, na moja katika hayo likawa la mwisho. Tunaweza kusema ilishindwa, kama anayehesabu tiketi angesema. Lakini ni tamthilia ngapi zilizopewa kibali, zulia na mgeni rasmi ambazo zilitazamwa na maelfu ya watu waliokuja kuona kazi ikiundwa? Mazoezi, tofauti na onyesho, hudhania kwamba kesho kuna kipindi kingine. Anayetazama mazoezi huyapokea kama kitu ambacho bado kinahitaji mikono, na mkono wake mwenyewe huenda ukatakiwa.

Msomaji makini atanikumbusha kwamba Ngaahika Ndeenda ilirudi Nairobi mwaka 2022, ikiongozwa na Stuart Nash, ikachezwa kwa Kigĩkũyũ na kwa Kiingereza, na kwamba waigizaji wake waliipata kitabuni, si kwa wazee wa Limuru. Kweli, chapa ya 1980 ndiyo iliyoyabeba maneno. Ila nyimbo nyingi za mchezo ule ni za mapokeo na za harakati za Mau Mau, zilizokuwa zikiimbwa nje ya kitabu na zilizoendelea kuimbwa baada yake. Kitabu peke yake kingetupa maneno yasiyo na sauti.

Uganda inatoa kisa kikali zaidi, nami nitakipita haraka kwa sababu uchungu wake hauhitaji nadharia. Byron Kawadwa alikwenda Lagos mwaka 1977 na Oluyimba lwa Wankoko, tamthilia ya muziki iliyowakilisha nchi yake katika tamasha la FESTAC. Muda mfupi baada ya kurudi Kampala, watu wa Idi Amin walimkamata na kumuua. Mtunzi na mwongozaji akiwa mtu mmoja, na mtu huyo akachukuliwa, hakuna tangazo la kufunga linaloweza kutolewa na aliyebaki.

Sasa Juba. Atakayeuliza ni tamthilia gani ya muziki iliyodumu pale kwa miaka katika ukumbi mmoja ameuliza vibaya. Huko Sudan Kusini, kudumu ni nyimbo zilezile kuzungushwa na kikundi kilekile kutoka uwanja hadi uwanja, huku waimbaji wakibadilika. Kikundi cha Kwoto kilianzishwa Khartoum mwaka 1994, Derik Uya Alfred akiwa mmoja wa waanzilishi, kati ya watu waliokimbia vita vya kusini. Kilikusanya ngoma na nyimbo za jamii nyingi za kusini na kuziunganisha kwa maigizo ya Kiarabu cha Juba, lugha ambayo Catherine Miller ameonyesha jinsi ilivyokuwa, kwa wahamiaji wale wa Khartoum, alama ya ukusini wao.

Hadhira ya wahamiaji kama hao haiondoki usiku mmoja. Baada ya mkataba wa amani wa Januari 2005 watu walirudi kusini kwa mafungu, kwa mabasi na kwa matishari ya Mto Nile. Mei na Juni 2012 takriban watu 12,000 waliokuwa wamekwama bandari ya Kosti walisafirishwa kwa ndege kutoka Khartoum hadi Juba. Usiku wa mwisho hapo ni upi? Kwa mama aliyeondoka 2006 ni mmoja. Kwa kijana aliyebaki Kosti hadi 2012 ni mwingine. Tarehe moja ya kufunga ingemfaa mwenye kalenda, si wao.

Mwanzoni mwa Mei huohuo, Derik Uya Alfred na Joseph Abuk walikuwa London wakiiongoza Cymbeline, iliyotafsiriwa na Abuk kwa Kiarabu cha Juba, katika ukumbi wa Globe. Uchaguzi wa mchezo haukuwa wa bahati nasibu. Ni habari ya mfalme anayekataa kulipa kodi kwa Roma, anashinda vita, kisha anakubali kulipa kwa hiari. Na Sudan Kusini ilikuwa imezima visima vyake vya mafuta tangu Januari kwa ugomvi wa ada ya kuyapitisha kaskazini, na Aprili majeshi ya Sudan na ya Sudan Kusini yalikuwa yamepigana Heglig. Mchezo ule unaisha kwa msamaha wa wote. Nchi haikufuata maandishi: tarehe 15 Desemba 2013 vita vilizuka Juba, vikarudi Julai 2016. Katika miaka ile hakuna mwongozaji wa mji huo aliyeweza kuahidi kwamba waigizaji wake wa Jumamosi hii watakuwapo Jumamosi ijayo. Mahali kama hapo, kikundi chenye busara hukiona kila kipindi kama kinachoweza kuwa cha mwisho, na hukabidhi kabla hakijaombwa.

Kuna pingamizi kwamba mazoezi ya wazi yanawavunjia heshima wakongwe: mzee aliyeimba miaka kumi asisahihishwe mbele ya wajukuu. Nalipokea nusu. Sifa zake zipewe siku yake, na malimbikizo ya malipo yake yalipwe kabla ya keki kukatwa. Lakini mzee anayesahihisha ndiye anayeonekana mkubwa zaidi jukwaani. Aibu iko kwa anayepewa cheti na kutoulizwa kitu. Pingamizi la usalama ni zito zaidi. Mkusanyiko wa watu Juba huhitaji idhini, na jina la mazoezi si kinga, kama Nairobi ilivyothibitisha mwaka 1982. Faida ninayoweza kuidai ni ndogo: mazoezi yanaweza kugawanywa katika nyua tatu za mitaa mitatu, jambo ambalo sherehe ya kufunga, yenye mgeni rasmi mmoja na bango moja, haiwezi.

Linalobaki ni la umiliki, na hapa pendekezo langu linakutana na watu ambao sijawataja. Nyimbo za kikundi kama Kwoto hazikutungwa na kikundi. Zilitolewa na Watoposa, Wabari, Wadinka, Waazande na wengine, mara nyingi na wazee walioziimba kwa ajili ya jambo maalumu: mvua, ng'ombe, harusi, mazishi. Kumkabidhi kijana wa Juba wimbo wa mvua bila mwenye mvua kuwapo ni kugawa mali ya mtu. Kwa hiyo kiti cha mbele siku hiyo, kile ambacho mgeni rasmi angekalia, apewe anayeujua wimbo nyumbani kwake, naye awe na mamlaka kuliko mwongozaji ya kusimamisha na kusahihisha. Na akisema kwamba wimbo fulani umezungushwa vya kutosha na sasa urudi kwao, usiimbwe tena kwa tiketi, kikundi kiutoe kwenye mchezo. Huo tu ndio mwisho ninaoutambua kuwa halali, na unaweza kuja katikati ya onyesho la kawaida la Jumamosi alasiri, wakati nyimbo nyingine zikiendelea.