Galaksi zinazobadilisha mwangaza: namna gani zinafuatwa kwa redio

Galaksi ni mkusanyiko mkubwa wa nyota, gesi na vumbi. Jua letu liko ndani ya moja. Kuna zingine zinaitwa galaksi hai: katikati yake iko shimo jeusi lenye uzito wa majua milioni nyingi, hata miliardi. Gesi inayolizunguka inapata moto mkali, na sehemu yake inarushwa inje kwa mbio inayokaribia ile ya nuru. Hapo ndipo mawimbi ya redio yanatoka.

Mawimbi hayo ni ya aina moja na yale yanayokuletea sauti yetu kwa FM, ila hayabebi maneno. Kinachopimwa ni nguvu yake tu. Mwaka 1965, William Dent wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, alionyesha kama nguvu ya galaksi 3C 273 inabadilika.

Juu ya nini kupima kila mara?

Kitu kikubwa hakiwezi kubadilika chote mara moja, maana nuru yenyewe inahitaji muda wa kukivuka. Mwangaza ukibadilika ndani ya miezi, basi kinachowaka ni kidogo sana mbele ya galaksi nzima, ambayo nuru inaivuka kwa maelfu ya miaka.

Kazi inafanyika wapi?

Kule Owens Valley, California, kuna parabole ya metre 40. Tangu 2008 inafuata galaksi karibu 1.800, kama mara mbili kwa juma, mchana na usiku. Vipimo vinalinganishwa na 3C 286, ambayo haibadiliki sana, sawa vile muuzaji anahakikisha mizani kwa jiwe la kilo.

Faida ya kutunza vipimo

Galaksi PKS 2131-021 ilionekana inapanda na kushuka kwa mpango, kila miaka karibu 5. Inaweza kuwa bahati tu? Wataalamu walifungua vipimo vya zamani vya Michigan na vya Haystack, Massachusetts. Kumbe kati ya 1975 na 1983 mpango ulikuwa uleule! Ulipotea miaka karibu 20, halafu ukarudi.

Mwaka 2022 walitangaza maelezo yao: pengine ni mashimo meusi mawili yanayozungukana, na yatagongana kisha miaka karibu 10.000. Bila zile karatasi za zamani, hoja hiyo ingekuwa zaifu. Waliozijaza hawakujua zitatumika kwa nini. Walipima, wakaandika tarehe, wakatunza.