Bei ya samaki ya Januari hupangwa Juni

Kila kaskazi ikishika, swali ni lile lile hapa Likoni: mbona samaki wamejaa pwani na kipande cha mama karanga hakishuki bei? Jibu ninalo, lakini lataka tuufuate mwaka mzima wa bahari, kisha tulifuate deni.

Kaskazi huvuma tangu Novemba hadi Machi. Bahari hutulia, maji husafika, na hata mwenye mtumbwi au ngalawa huweza kutoka nje ya mwamba. Ndio msimu wa jodari na kolekole, na changu na tafi huja kwa wingi. Bei ya jumla ufukoni hushuka. Aprili masika huingia, kusi hufuata, na makali yake ni Juni hadi Agosti. Wenye vyombo vidogo hubaki ndani ya mwamba au hawatoki kabisa, na kilo hupanda. Oktoba kusi ikifa, ahueni huanza kurudi.

Ndani ya msimu kuna mwezi. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hutoka mbali na pweza huchokolewa kwa wingi mwambani. Maji mafu yakifika, pweza huadimika. Simu nao huvuliwa kwa taa usiku wa kiza. Mbalamwezi ikiwaka, taa haiwavuti. Mnunuzi hodari hutazama mwezi kabla ya kutazama mizani.

Sisi wa ng'ambo ya kisiwa tuna jambo letu pia. Maji ya ndani ya Port Reitz kule Changamwe, ya Mtongwe kwetu Likoni, na ya Tudor upande wa Kisauni hukingwa na upepo. Kwa hiyo hata kusi ikichafuka, mkizi, kaa na kamba wa mikokoni hupatikana, ijapokuwa kidogo. Kamba hawafuati kalenda ya jodari: mvua zikijaza Mto Tana na Sabaki, ndipo huzidi. Na tangu mpango wa uvuvi wa kamba wa mwaka 2010, meli za kukokota nyavu katika ghuba ya Ungwana hufungiwa kuanzia Novemba 1 hadi Machi 31. Basi usishangae jodari akiwa rahisi na kamba akiwa ghali wiki hiyo hiyo.

Mzigo mwingine hutoka mbali. Samaki wa Vanga, Shimoni na Msambweni huingilia Likoni. Wa Malindi na Kilifi hupitia Mtwapa hadi Kisauni na Kongowea. Kila kituo huongeza nauli, barafu na faida ya mtu.

Sasa tuje kwenye deni. Mvuvi asiyetoka baharini Juni bado ana watoto wa kulisha. Humwendea tajiri, naye humpa pesa za unga, nyavu, pengine na mashine ya boti. Mkataba ni wa mdomo: kaskazi ikifika, samaki wote wataletwa kwake, na bei ataitaja yeye. Kwa hiyo Januari, mvuvi mwenye ndoo zilizojaa hana nafasi ya kuuliza bei kwa mwingine. Bei yake ilikwisha kupangwa siku alipopokea zile pesa. Sisemi tajiri ni mwizi. Bila yeye wengi wangelala njaa kusi nzima. Nasema mkopo huo una riba, ila riba yake imefichwa ndani ya kilo.

Mwenye barafu ndiye mwenye subira. Tajiri huweka samaki wakubwa kwenye friza akangojea hoteli na wanunuzi wa mjini. Mama karanga, asiye na friza, huachiwa wadogo, na lazima awakaange siku hiyo hiyo. Mafuta na kuni hazijui kaskazi wala kusi. Ndipo ushuke wa bei pwani unapoishia njiani, usifike kwenye sahani yako.

Dawa naiona pwani kwenyewe. Kanuni za mwaka 2007 zilivipa vikundi vya BMU kazi ya kusimamia fuo pamoja na wavuvi, wachuuzi na wenye vyombo. Kikundi chenye mizani yake, daftari la bei la kila siku lililo wazi kwa wote, na friza moja ya pamoja chaweza kumpa mvuvi na mama karanga siku mbili za kungoja. Muhimu zaidi ni akiba: kila kilo ya kaskazi ikatwe shilingi chache ziwekwe, zitolewe Juni. Mvuvi atakayepita kusi bila kukopa ndiye atakayeweza kuuliza bei Januari, na ukumtaka akuuzie wewe moja kwa moja, atakuwa huru kukubali.