Rashidi Alivyokuwa Chidi

Ukibisha hodi kwenye nyumba ya Tanga au Temeke ukamwulizia Rashidi, huenda watoto wakatazamana. Mwulizie Chidi, utaitiwa papo hapo. Mgeni hujiuliza majina haya mawili yana undugu gani, na undugu wenyewe uko mdomoni. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, basi mtu akiitwa kwa sauti kutoka uani, kichwa cha jina humezwa, na mkia ndio unaofika. Rashidi hubaki Shidi, na “sh” ikikazwa anakuwa Chidi. Khadija akawa Dija kwa njia hiyohiyo, Fatuma akawa Tuma, na Abdallah, ambaye wengi humtamka Abdula, akawa Dula. Abubakari alikwenda mbali zaidi: Bakari, kifupisho chake, siku hizi ni jina kamili la kumpa mtoto, nalo limezaa kifupisho chake lenyewe, Beka.

Waingereza wana mambo hayohayo, ila wao walishika zaidi kichwa cha jina. Baada ya Wanormani kuiteka nchi yao mwaka 1066, majina ya kale yalififia, na kufikia karne ya 14 wanaume wengi mno waligawana machache: John, William, Robert, Richard, Thomas. Kijiji chenye akina Richard sita hakina budi kutafuta namna ya kuwatenganisha. Wakalifupisha jina, kisha wakalichezea kwa vina. Richard akawa Rick, Rick akazaa Hick na Dick. Robert akawa Rob, kisha Hob. Margaret akawa Meg, halafu Peg, ndipo akapatikana Peggy. Mary naye “r” yake iligeuka “l”, jambo lisilomshangaza Mswahili yeyote, akawa Moll, na Moll akazaa Polly.

Ninayempenda zaidi ni Ned, yaani Edward. Neno lao la kale la “wangu” lilimalizikia kwa “n”. Mtu akisema “Ed wangu”, ile “n” ilirukia jina na kung’ang’ania hapo. Mapenzi ya mama au mke yamehifadhiwa katika herufi moja.

Yuko pia Wat Tyler, kiongozi wa uasi wa wakulima wa mwaka 1381. Wat ni Walter. “L” imekwenda wapi? Haikwenda popote: watu wa zama zile hawakuitamka. Maandishi ndiyo yaliyoirudisha baadaye, lakini Wat anatuonyesha hadi leo jinsi jina lilivyosikika. Mshairi John Gower, aliyeuchukia uasi ule, aliwaorodhesha waasi kwa majina ya aina hiyo katika utenzi wake wa Kilatini, Vox Clamantis.

Baadhi ya majina hayo yalisalimika kwa sababu yaligeuka kuwa ya ukoo: Dixon ni mwana wa Dick, Hobson wa Hob, Watson wa Wat. Kwetu mtoto huandikwa jina lake, la baba na la babu, na Chidi haingii kwenye cheti chochote. Basi ndugu msomaji, ukiketi na wazee kuandika shajara ya ukoo wenu, usiishie kwenye Rashidi bin Abdallah. Uliza nyumbani walimwitaje, uandike na hilo.