Miaka ya Bibi wa Kongolo

Wakubwa wetu walituachia neno: mwacha mila ni mtumwa. Lakini mila haikai hewani. Inakaa kwa watu, na mara nyingi inakaa kwa bibi mmoja mzee anayeketi mbele ya nyumba akichambua sombe. Katika kurasa hizi tunataka kumkumbuka Bibi yetu wa Kongolo, aliyetutoka mwaka 2011, na kueleza jinsi sisi wajukuu wake tulivyotafuta hesabu ya miaka yake. Hesabu hiyo ilitufunza mambo ya muji wetu ambayo hatukuyapata masomoni.

Ilianza ku matanga. Fundi wa msalaba aliuliza tu: "Tuandike alizaliwa mwaka gani?" Watu wakanyamaza. Karata yake ya uchaguzi ya mwaka 2005 ilisema 1 Januari 1935, sababu mwandikaji alimutazama uso akakisia. Baba mkubwa, mtoto wake wa kwanza, akacheka katikati ya machozi: "Kama ni hivyo, mama alinizaa na miaka kumi!" Kitabu cha ubatizo nacho kilikuwa na siku ya maji tu, maana alibatizwa akiwa msichana mkubwa, karibu na kuolewa. Mwenyewe hakusoma. Ulipomuuliza umri wake, alikujibu kwa mambo, hakukujibu kwa namba.

Basi usiku ule tukaanza kukusanya majibu yake, kila mutu na lile alilolisikia.

La kwanza lilikuwa juu ya kilalo. Reli kutoka Kindu ilifika Kongolo mwaka 1910, kwa kukwepa maporomoko ya Lualaba, yale ya Mlango wa Jehanamu, ambapo mashua haipiti. Baba ya Bibi alikata kuni za treni, maana magari ya wakati ule yalikula kuni. Lakini aliyetaka kuendelea mpaka Kabalo alipanda mashua. Ni mwaka 1939 tu ndipo reli ilivuka muto na kuunganishwa na Kabalo. Bibi alizoea kusema: "Ile wakati banajenga kilalo, mi nilikuwa napeleka chakula kwa baba, na maziwa yalianza kuota. Wanaume wakitazama, natia kikapu mbele." Tulicheka sana kila mara. Kumbe alikuwa anatupa tarehe. Msichana wa hali hiyo mwaka 1939 ana miaka kumi na miwili ao kumi na mitatu.

La pili tulilipata ndani ya sanduku lake la chuma, lile ambalo hakuna mutoto aliyethubutu kulifungua. Chini ya vikwembe vilivyokunjwa vizuri tulikuta falanga mbili mbili za shaba ya njano, zenye pembe sita, na tembo upande mumoja. Wazee walizitambua mara moja: ni feza za vita, zimeandikwa 1943. Zilibaki kwa mali ya ndoa yake. Bibi za zamani waliposwa kwa vitambaa vya rafia na kwa misalaba midogo ya shaba. Yeye aliposwa kwa tembo wa Bula Matari. Tena alisimulia kwamba mume wake, mara tu baada ya ndoa, alipelekwa porini kutafuta mpira. Hilo nalo ni jambo la historia. Kazi za lazima kwa wanavijiji zilikuwa siku 60 kwa mwaka; mwaka 1942, kwa ajili ya vita vya wazungu, ziliongezwa mpaka 120. Pamba ya lazima ilikuwako tangu zamani, mpira ukarudi juu yake. "Mpira ulinifanya mujane na bwana angali muzima," alisema Bibi.

Kwa hiyo aliolewa karibu ya 1943, na Baba mkubwa alizaliwa 1945. Hesabu ilikuwa inakubaliana.

Katika sanduku lilelile tulikuta pia fungu la noti za zaire tano na za zaire kumi, zimefungwa na kamba ya mugomba. Hapo hakuna aliyecheka. Zaire ilianza mwaka 1967, ikiwa sawa na falanga 1000 za mbele. Bibi aliuza mihogo na mawese kwa miaka mingi ili anunue mabati. Kisha, mwezi wa Desemba 1979, serikali ikatangaza kwamba noti za tano na za kumi zimekufa, na watu wapewa siku chache tu za kuzibadilisha. Aliyekuwa karibu na benki aliokoa kidogo. Bibi alikuwa shambani. Aliporudi muji, feza yake ilikuwa karatasi. Alizitunza karatasi hizo miaka zaidi ya thelathini, na nyumba yake ikabaki ya nyasi mpaka watoto wake walipoiezeka. Hatukumusikia hata siku moja akilalamika. Lakini sasa tunajua kwa nini hakuweka tena feza, aliweka mbuzi.

La mwisho ndilo lililotuumiza. Bibi alipohesabu watoto wake alikunja vidole saba. Sisi tuliwajua sita. Tulikuwa tunamusahihisha: "Bibi, ni sita!" Naye alitutazama, akakunja tena saba. Tulisema ni uzee.

Usiku ule wa matanga tuliandika watoto kwa miaka yao, na tukaona pengo: baada ya 1958 hakuna mtoto mpaka 1967. Tukauliza. Baba mkubwa akainamisha kichwa. Shangazi yetu mkubwa, aliyezaliwa 1951, ndiye aliyejibu. Kulikuwa na mutoto musichana, wa kiangazi cha 1961. Wakati ule Katanga ilikuwa imejitenga tangu Julai 1960, na vita vilikuwa vimefika kwetu. Mwisho wa Desemba 1961 maaskari wa serikali ya Kinshasa, ambayo iliitwa bado Léopoldville, waliingia Kongolo. Tarehe 1 Januari 1962 waliwaua wamisionari 20 wa Roho Mutakatifu. Wamisionari hao wanakumbukwa mpaka leo, na ni vema. Lakini watu waliokimbia porini siku zile, nani aliwaandika?

Shangazi alikuwa na miaka kumi. Ndiye aliyebeba mutoto mugongoni, Bibi akiwa na mizigo kichwani. Ilikuwa masika, mvua haikukatika. Homa ikamukamata mutoto, na siku ya tatu akafa. "Tulimuzika chini ya muti," Shangazi alisema. "Mama alitufunga midomo kwa mukono, tusilie, juu ya maaskari. Hata yeye hakulia. Hakukuwa matanga." Waliporudi muji, hakuna aliyetaja tena jina lile. Wakubwa walijua wakanyamaza. Bibi peke yake aliendelea kulihesabu kwa kidole.

Sisi tuliomusahihisha tuliona haya. Hakuwa amesahau hata kidogo. Sisi ndio hatukuuliza vizuri.

Basi ku kuondoa matanga tulilia wawili. Ku msalaba fundi aliandika "karibu 1926 – 2011", na chini yake majina ya watoto saba, la musichana likiwa mahali pake, la sita. Ardhi yake hatuijui, lakini jina lina pahali sasa.

Wasomaji wetu, wazee wengi wa kwetu hawana karata ya kuaminika. Musiwaulize: "Una miaka ngapi?" Muwaulize: ulipoolewa, feza gani ilikuwa inatembea? Kilalo kilikuwako? Mulikimbia wapi, na nani alirudi? Kisha muandike katika daftari, muweke na mwaka. Na kama bibi akikunja kidole kimoja zaidi ya wale munaowajua, musimusahihishe. Muulize ni nani.